Nilivyomlaza mamangu hospitali kwa neno moja

Niko Mombasa wiki mbili hizi, likizo, na kazi yangu imekuwa moja tu, kukaa barazani hapa Kibokoni na kahawa tungu huku mpwa wangu ananichimba maswali. Ana mtihani wa Kiingereza mwezi ujao, anataka kwenda kusoma Uingereza, basi kila dakika "mjomba, hapa naeka in ama on?"

Mi simcheki. Kiingereza nimesoma tangu chekechea na bado kilinitoa jasho kule Leeds, Uingereza.

Mwaka wa kwanza kazini nilichelewa kurudi breki sababu ya simu ya nyumbani, supavaiza akauliza kuna nini, nikamjibu "my mum is in hospital". Kichwani mwangu nimesema mama yuko hospitali, basi, na kweli alikuwa huko, kaenda kumtazama jirani aliyejifungua, na thamosi yake ya uji mkononi. Kesho yake naingia kazini watu wananiangalia kwa huruma, nimewekewa maua na kadi iliyosainiwa na shifti nzima. Kumbe Mwingereza akisema "in hospital", bila hata hiyo "the", maanake mtu kalazwa. Kama umeenda kutazama mgonjwa tu wewe uko "at the hospital". Nikaona haya kusema ukweli, nikabeba maua yangu.

Na hiyo tofauti sisi tunayo, ila tumeieka kwingine. Tunasema amelazwa, kitenzi kishamaliza kazi. Ama funguo: ziko mezani, zimo kabatini. Ile -ni ya mwisho ni ileile, anayekwambia ni ndani ni huyo "mo". Mwingereza hana -ni, mzigo wote kautwika vineno vyake vidogo. Halafu sisi tuna "kwa" yetu, kwa basi, kwa mguu, kwa kisu, kwa mama, yeye hapo anataka by, on, with, at, kila mahali na lake!

Vyombo vya usafiri nilimweleza kwa mfano wa feri akashika haraka. Ukivuka Likoni uko "on the ferry", unasimama, unatembea, lakini mtumbwi uko "in". Basi, treni, ndege ni "on". Teksi na tuktuk "in", unaingia unakaa hakuna pa kutembea, na bodaboda "on" kwa vile umeikalia juu. Akauliza matatu je? Hii ya watu 14 unaingia umeinama kama uko kwenye rukuu, nikamwambia eka "in" ulale.

Za wakati nilimwambia akariri tu: saa "at", siku "on", mwezi na mwaka "in", na asiniulize kwa nini asubuhi ni "in the morning" na usiku ni "at night".

Ya hatari ni by na until, maana kwetu zote twaziona "mpaka". Mwenye nyumba akikwambia "pay by Friday" Ijumaa isipite hujalipa, akikwambia "you can stay until Friday" unakaa zako, Ijumaa ndo unafunga virago. Ukizichanganya hizo utalala nje kwenye baridi.

Ile kadi safari hii nimemletea mama. Kiingereza hakisomi, kapenda maua yaliyochorwa, kaiegemeza pembeni ya TV na kila mgeni akiingia anaambiwa hiyo imetoka kazini kwa mwanangu. Jana mpwa kaisoma kwa sauti, "get well soon", akanigeukia.