Kutafuta mwalimu wa suta za Kipali ukiwa Mwanza

Watu wananiuliza, we umekaa huko Nyegezi, hayo mambo ya Buddha unafundishwa na nani? Swali halali kabisa, maana hapa mjini ukiulizia Wabuddha utaelekezwa kwenye hekalu la Wahindu.

Mi sitafuti yoga wala semina ya kupumua, nataka kusoma suta zenyewe, yaani mahubiri ya Buddha, zile za mwanzo zilizohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, na mtu wa kunishika mkono. Kujisomea peke yako kunachosha jamani, kifungu kilekile kinarudi mara tatu nne unaona kama wanakuzungusha tu, mpaka upate mtu wa kukwambia kwamba haya yalikaa vichwani mwa watawa karne kadhaa kabla hayajaandikwa kule Sri Lanka, kwa hiyo kurudiarudia ndo ilikuwa dawa ya kusahau.

Mwalimu wangu kwa sasa ni Bhikkhu Bodhi, mtawa Mmarekani. Hanijui, ila rekodi za darasa lake la Majjhima Nikaya, mkusanyo wa suta za urefu wa kati, ziko bure mtandaoni, nazipakua usiku nasikiliza kwenye daladala. Suta ziko 152 na yeye haanzi na ya kwanza, anaanza na ya 26, pale Buddha anasimulia alivyoondoka kwao kijana wa nywele nyeusi, wazazi wanalia, akaenda kwa mwalimu Alara Kalama, akamaliza elimu yake yote, akaambiwa haya tuongoze kundi pamoja, akakataa. Akaenda kwa mwalimu mwingine, Uddaka Ramaputta, huko nako akapewa kundi zima, akaondoka tena. Umepewa uenyekiti na unaondoka! Bongo nani anaachia.

Shida rekodi huiulizi swali. Dar kuna hekalu la watu wa Sri Lanka, la tangu enzi za mkoloni, ila mi nawaza zaidi Entebbe, ziwa letu hilihili, ambako Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda, alianzisha kituo mwaka 2005. Unapanda meli mpaka Bukoba, unachukua gari la Mutukula, unavuka mpaka. Nauli ndo naidunduliza.

Na yeyote nitakayemkuta, swali la kwanza ni hilo unalosema liko kwenye suta gani? Akinifungulia ukurasa nakaa, akianza stori za nishati na nyota naaga.

Kama upo Mwanza au Bukoba na unataka tusome wawili, niandikie. Kiingereza cha kuombea maji kinatosha, Kipali tutakiokota humohumo.