Tunavyotembea kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza bila kuwa na gari

Wanangu wote wamezaliwa Mwanza, lakini kwa muda mrefu ziwa walilijua kwa kulichungulia dirishani mwa daladala. Tunakaa Buhongwa. Gari hatuna, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba matembezi ya mwisho wa wiki ni ya wenye magari, au wenye uwezo wa kukodi bajaji ya kutwa. Siku hizi Jumamosi zetu nyingi zinaishia ufukweni au juu ya mawe, na kilichotufungulia njia ni kwamba mwenye gari lazima arudi alipoliegesha. Sisi hatuna cha kurudia. Tunashuka kituo kimoja, tunatembea kuelekea upande wa nyumbani, tunapandia kituo kingine.

Kwa mtu wa Buhongwa hilo ni rahisi kuliko anavyodhani. Kutoka mjini kuja kwetu barabara inapita Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani, na daladala hazikauki. Kwa hiyo kila tunapopanga safari naangalia tu kama njia ya miguu itatutupa mahali popote kwenye mstari huo. Mtoto akichoka, tunapandisha barabarani na kupunga mkono. Hofu yangu kubwa ya mwanzo, ya kukwama mbali na watoto waliochoka, iliisha hapo.

La pili ni saa. Tunatoka nyumbani kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Daladala za saa hiyo zina nafasi, konda hakulazimishi kupakata mtoto mkubwa, na hewa ni ya ubaridi kwa sababu ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ikifika saa tano mawe yameshashika moto, na joto linakupata kutoka juu na kutoka chini. Muda huo sisi tunataka tuwe tumeshakaa kivulini.

Njia tunayoipenda kuliko zote ni ya Capri Point. Tunashuka mjini kati, tunateremka hadi karibu na kivuko cha Kamanga, na hapo ndipo ulipo Mwamba wa Bismarck, yale mawe yaliyobebana ndani ya maji ambayo kila mtu ameyaona kwenye picha za Mwanza. Jina hilo ni la Otto von Bismarck, Kansela wa Ujerumani, na limebaki tangu enzi za ukoloni wa Wajerumani. Asubuhi na mapema hapana msongamano. Binti yangu aliniuliza nani alilipandisha jiwe la juu. Nilimweleza kama nilivyojifunza: matale haya yaliganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, yakapasuka nyufa, maji yakaingia kwenye nyufa na kuozesha kingo kidogokidogo, kisha udongo uliozunguka ukachukuliwa na mvua. Yaliyobaki ndiyo haya. Hakuna aliyeyapandisha, ila yaliyokuwa yameyazunguka yaliondoka.

Kutoka hapo tunaifuata barabara ya Capri Point taratibu, ziwa upande mmoja na kilima upande wa pili. Usiwe na haraka hapa. Ukisimama karibu na jiwe lililopigwa na jua utamwona mjusi dume mwenye kichwa na kifua cha waridi iliyokoza na mwili wa bluu, akipandisha na kushusha kifua mara kadhaa, kisha akatulia kukutazama. Jike ni wa kahawia, na usipokodoa macho humwoni kabisa. Kwa kitaalamu mjusi huyu anaitwa Agama mwanzae. Watoto wangu wanajivunia sana kuwa na mjusi aliyepewa jina la mji wao, na mimi pia najivunia. Nimewakataza kumrushia mawe, na sasa wao ndio wanaowakataza wenzao.

Capri Point ndipo pia zilipo ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Ukiwa na akiba kidogo ya kiingilio, beba kitambulisho, panda boti yao, na baada ya dakika chache uko kisiwani ukitembea kati ya swala na pimbi. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na maji, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi hapo kabla kisiwa hakijageuzwa bustani ya wanyama katika miaka ya 1960. Hatwendi kila mara kwa sababu ya gharama, lakini kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto sijaona zawadi bora. Siku za kawaida tunaendelea mbele, tunatokea upande wa stesheni ya reli, tunakaza mwendo hadi Igogo na kupanda daladala ya nyumbani.

Mto Mirongo nao tumeutembea. Unakatiza Mabatini na kupita katikati ya jiji hadi ziwani, na kiangazi, Juni hadi Agosti, kuna vipande vinavyopitika vizuri. Mvua ikinyesha, usithubutu. Nasema kwa uchungu kwamba mto huu ungeweza kuwa matembezi ya watoto wa jiji zima, lakini mifuko na chupa vimeuziba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni nafasi tele ya njia ya miguu na safu ya miti! Sehemu moja ufukweni mlinzi alituzuia kupita mbele ya uzio uliokaribia kuingia majini. Nilimsalimia, tukazunguka kwa juu, lakini sikunyamaza. Nililipeleka suala hilo kwenye mkutano wa mtaa, na ningependa wazazi wengine nao wayaseme ya kwao.

Kwa asiyetaka kwenda mbali kuna Luchelele. Konda akiuliza, "Nyegezi wapo?" kitindamimba wangu ndiye anayejibu, "Wapo, shusha!" Kutoka Nyegezi tunashika njia ya Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na kuteremka hadi Luchelele, ziwani. Hapa nina amri moja isiyojadiliwa: miguu haiingii majini. Kichocho kinaletwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa maji, na vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, hasa pale maji yalipotulia kwenye magugu. Tunatazama, tunakula viazi vyetu, tunarudi.

Igombe ni tofauti, kwa kuwa utarudi kwa njia uliyoendea. Ni mbali kidogo, unapita uwanja wa ndege, lakini mwalo wake, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki, unastahili nauli. Nenda wakati wa giza, siku ambazo mwezi hautoki usiku, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Asubuhi ya siku hizo utakuta mitumbwi inaingia na akina mama wanaanika. Adabu ya mwaloni ni kusalimia kwanza, kutokanyaga nyavu, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwa fagio.

"Marahaba mwanangu. Mmetoka wapi na watoto hawa?"

"Buhongwa, mama. Tumekuja kutembea."

"Basi sogeeni kivulini, jua linakuja." Akawaonyesha wanangu dagaa walioanikwa juu ya chanja na waliokauka mchangani, akawavunjia kila mmoja wawaonje. Wa chanja wanatafunika safi, wa mchangani wanakwaruza meno. Tangu siku hiyo sokoni sinunui kabla ya kuuliza.

Bujora nayo ipo, ukishuka Kisesa kwenye barabara ya Musoma na kupanda kwa miguu hadi Makumbusho ya Wasukuma. Ziwa halipo karibu, lakini ngoma za watemi zinatosha, na Juni kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma.

Safari tunayoipangia sasa ni ya Sengerema. Zamani basi lilikuwa linasubiri kivuko pale Kigongo na mtu hajui atavuka saa ngapi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, kwa hiyo tunaweza kwenda, kutembea upande wa pili, na kurudi siku hiyohiyo. Nauli ya watoto nimeshaanza kuitenga.