Nauli ya Kwenda Kumwona Panya

Mwaka 2023 ulianza kwa mwanangu Baraka kututangazia, githeri ikiwa bado motoni, kwamba bustani za burudani za Disney ziko mahali sita duniani: California tangu 1955, Florida 1971, Tokyo 1983, Paris 1992, Hong Kong 2005 na Shanghai 2016. "Afrika hakuna hata moja," akamalizia, akatukazia macho kana kwamba ni sisi tuliokataa kuijenga. Baba yake anafundisha jiografia. Alifurahia miji, akafurahia miaka, kisha akatoa neno ambalo mzazi hafai kulitoa mbele ya mtoto asiyesahau: "Tutaona."

Kwa Baraka, tutaona ni mkataba. Kufikia Jumapili mdogo wake Neema, wakati huo akiwa na miaka minne, alikuwa akiwaambia watu wa kanisani kwamba tunahamia kwa Mickey.

Sikucheka, wala sikukataa. Biashara ilikuwa imeshika. Nauza nafaka karibu na soko la Wakulima hapa Nakuru, mahindi na maharagwe zaidi, kwa gunia na kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na zamu yangu ya kupokea mchango wa chama chetu cha akiba ilikuwa inakuja Septemba. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Kampala, kwa basi, nikifuata maharagwe. Baba Baraka alikuwa hajavuka mpaka wowote, naye ndiye anayechora ramani ya dunia ubaoni mwaka baada ya mwaka. Hilo ndilo lililonisukuma, ingawa sikumwambia.

Kuchagua mahali hakukutuchukua muda. California na Florida ziliondoka mapema: foleni ya mahojiano ya visa ya Marekani kule Nairobi ilikuwa ya miezi mingi, na Juni ada yenyewe ikapanda kutoka dola 160 hadi 185. Kule Asia nauli ilitufukuza. Dada yangu akapendekeza Dubai, kwamba visa ni rahisi na hakuna baridi, Baraka akamjibu kwa heshima zote kwamba Dubai hakuna Mickey. Ikabaki Paris. Kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja, na ukishafika mjini unapanda treni ya RER A kuelekea mashariki mpaka kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée–Chessy, unashukia karibu na lango. Baba Baraka aliichora hiyo reli kwenye karatasi ya grafu, na vituo vyake, akaibandika kwenye friji. Chini yake akaanza kuandika bei ya euro kila Ijumaa.

Hiyo karatasi ndiyo iliyoninyima usingizi. Januari euro moja ilikuwa kama shilingi 133. Oktoba ilikuwa imefika karibu 158. Tuliweka akiba ileile, kwa bidii ileile, na safari ikazidi kutukimbia. Ilifika mahali Ijumaa nikawa sifungui friji.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Subukia mwezi wa Agosti na mboga zake, akaikuta ile ramani. Akaelezwa. Aliuliza bei, akatajiwa nusu yake, kwa sababu Baba Baraka humwogopa mama yake kuliko mkaguzi wa shule. Akatulia.

"Na huyo Mickey ni nani?"

"Ni panya, Shosho," Neema akamjibu, akamwonyesha kwenye fulana yake.

"Panya." Akanigeukia mimi. "Mama Baraka, wewe si una stoo nzima ya panya? Unafuga paka watatu wa kuwafukuza. Sasa unalipa nauli kwenda kumwona mwingine Ulaya?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Akaongeza kwamba nyumba ya Subukia bado haina dari. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Baraka naye alikuwa na shida yake. Septemba alitimiza miaka 12, siku aliyoingoja kwa hamu kwa sababu alikuwa amechoka kuitwa mtoto. Basi dunia nzima ikamsikia. Tiketi ya Disneyland Paris ya bei ya mtoto ni ya miaka 3 hadi 11. Yeye mtu mzima. Nauli ya ndege, mtu mzima. Visa ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ufaransa, wakati huo ilikuwa euro 80, na nusu yake kwa watoto wa miaka 6 hadi 11. Yeye mtu mzima, na alama za vidole achukuliwe. Baba yake alikuwa akimsomea haya moja moja, kikokotoo mkononi, na kila mara anamuuliza, "Unaonaje ukubwa?" Neema hakulipiwa visa, maana alikuwa chini ya miaka sita. Yeye kikwazo chake kilikuwa kimo.

Kuna treni kule inaitwa Big Thunder Mountain, inazunguka mlima ulio kisiwani katikati ya ziwa, ikitaka kwenda huko na kurudi inapita gizani chini ya maji. Baraka alikuwa amemwelezea dada yake mpaka mtoto akawa anaiota. Sharti lake ni sentimita 102. Nikaazima futi ya fundi cherehani wa jirani, nikamsimamisha Neema kwenye mlango wa stoo, visigino vimegusa mbao, nikapiga mstari kwa ileile chaki ninayohesabia magunia. Alikuwa na mafundo mawili ya nywele utosini. Baraka akataka yahesabiwe. Nikayabonyeza kwa kiganja, nikasoma: mia moja nukta tano. Neema akaangalia mstari, akaangalia uso wangu, akasema, "Nipime tena, nilikuwa nimepumua." Kuanzia siku hiyo alimaliza ugali wake bila kuambiwa, na kila mteja aliyeingia aliulizwa kama anamwona amerefuka. Wanunuzi wa gorogoro ni watu wenye huruma. Wote walisema ndiyo.

Hayo yalikuwa ya raha. Karatasi ndizo zilizotukalia kooni.

Pasipoti, mwaka huo zilichelewa nchi nzima, kila mtu ana hadithi yake, ya kwetu si mbaya kuliko nyingine. Tulilipa 4,550 kwa kila kitabu, tukangoja. Visa ndiyo iliyonifanya nijiangalie upya. Baba Baraka ameajiriwa: hati ya mshahara, barua ya mwalimu mkuu, kwisha. Mimi je? Benki ninayo akaunti, lakini pesa yangu hailali benki, inalala kwenye gunia. Inaingia asubuhi kwa M-Pesa, jioni imeenda kwa mkulima wa Njoro au dereva wa lori la Molo. Ukichapisha taarifa yangu ya benki utadhani ni ya mtu anayekufa njaa.

Wakala mmoja mjini akanipa njia ya mkato. Angeniwekea laki tano kwenye akaunti, zikae mpaka taarifa ichapishwe, kisha azitoe na ada yake juu. Alisema amewafanyia wengi. Nikamuuliza, afisa akiona laki tano zimedondoka Jumanne kwa mtu ambaye akaunti yake hukauka kila jioni, atafikiri zimetoka mbinguni? Akasema hawaangalii. Mimi nanunua mahindi. Nikiona gunia limejaa mno juu najua chini kuna mawe. Sikuamini kwamba mtu aliyeajiriwa kukagua karatasi ana macho mabovu kuliko yangu. Nikamwachia laki zake.

Nilichofanya ni kuchapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Ilitoka rundo. Baba Baraka aliketi nayo usiku, kalamu ya kijani kwa pesa zilizoingia, ya waridi kwa zilizotoka, na karibu na saa sita akaniita. "Mama Baraka, hivi wewe unajua unazungusha pesa ngapi?" Akanionyesha jumla. Nilijua, kwa namna ya mtu anayejua uzito wa gunia kwa kulisukuma kwa goti. Kuiona imeandikwa ni kitu kingine. Akaketi akiniangalia kama mgeni, kisha akaniuliza kwa nini basi ni yeye anayelipa stima. Hayo tuliyazungumza siku nyingine.

Pesa ya chama nayo ililazimu maelezo, kwa sababu iliingia kwa mkupuo, kitu kilekile nilichomkatalia wakala. Katibu wetu akaandika barua, akaambatanisha nakala ya cheti cha usajili wa kikundi na kurasa za kitabu chetu zenye michango ya kila mwezi, majina na sahihi, nyingine zimepakwa chai. Akapiga muhuri wa wino wa zambarau kila ukurasa. Nikamwambia mmoja unatosha. "Wazungu wanapenda mihuri," akasema, akaendelea.

Halafu bima, ambayo lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Nilizidisha kwa 158, nikarudia. Zaidi ya milioni nne na nusu. Bima yenyewe si ghali, nashukuru, lakini sijawahi kufikiri mguu wangu unaweza kugharimu hivyo kuufunga.

Na mwisho kabisa lile sharti ambalo kila aliyewahi kuomba visa anajua ndilo lenyewe: thibitisha kwamba utarudi. Leseni ya biashara ya kaunti niliweka, cheti cha kodi niliweka, hati ya ploti niliweka. Lakini jibu la kweli halikuwa na fomu. Shule zilikuwa zinafungwa tarehe 3 Novemba, na Novemba ndiyo mavuno upande wetu huu. Mahindi yanakuja kwa lori, yana unyevu, na yasipoanikwa yakashuka hadi asilimia 13.5 yanaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu, na hapo umebaki na chakula ambacho hata kuku humpi. Yakikauka, dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje, anakungoja. Usiku sikuwa nikihangaika kama nitarudi. Nilihangaika kama nitathubutu kuondoka.

Nikamwambia Baba Baraka aliandike hilo kwenye barua. Akakataa.

"Hii ni barua ya ubalozi, si barua ya mwanafunzi wa kilimo."

"Wanauliza nini kitanirudisha. Si ndicho hicho?"

"Utawachekesha."

"Wacheke. Andika magunia mia mbili. Andika yana unyevu. Mtu mwenye magunia mia mbili yenye unyevu hatoroki."

Akaandika, kwa Kiingereza chake kizuri, midomo imekazwa. Aya nzima.

Katikati ya Oktoba tuliondoka Nakuru saa tisa usiku kwa matatu, watoto wamelala juu ya faili, tukapita Gilgil na Naivasha gizani, Kinungi kuna ukungu na baridi ya kuuma masikio. Baba Baraka akasema Paris Novemba ni kama hivi, mchana. Kwenye kituo cha kupokea maombi ya visa msichana wa kaunta alipanga karatasi zetu kwa mpangilio ambao tulikuwa tumeshaupanga, akazipanga upya. Alipofika kwenye kitabu cha chama alisimama. Akapapasa muhuri kwa kidole. "Mama yangu yuko kwa chama kama hiki," akasema, akakipeleka juu ya rundo. Baraka alibonyeza vidole vyake kwenye mashine, kifua mbele. Tukalipa visa tatu, karibu shilingi elfu 38, pesa ambayo hairudi hata ukinyimwa. Tukanunua chipsi, tukarudi nyumbani. Tiketi ya ndege ilikuwa bukingi tu, haijalipiwa. Ukilipia kabla ya visa umejitakia.

Tulipokuwa tukingoja nilinunua makoti sokoni, mitumba, manene, ya kufika magotini. La Baba Baraka lilikuwa na risiti mfukoni, imefifia, imeandikwa Kifaransa. Alilivaa sebuleni akajiangalia. "Linarudi kwao kusalimia," akasema.

Bahasha ilifika Nakuru kwa kampuni ya vifurushi siku ambayo nilikuwa na lori mlangoni na wapagazi wakinidai. Niliifungua nikiwa nimesimama juu ya mizani. Pasipoti zote nne zilikuwa na stika ya visa. Nikahesabu tena, nikawalipa wapagazi kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, nikamzidishia mmoja mia mbili na hakurudisha. Neema aliuliza kama stika imeandikwa kimo. Tulikuwa tumempima wiki hiyo: mia moja na mbili kasoro upana wa mstari wa chaki. Baraka anashikilia kwamba mstari wenyewe ni sehemu ya kipimo. Baba yake akatoa hukumu kwamba viatu vya baridi vina soli nene.

Likabaki la stoo. Kijana wangu anaweza kuuza lakini hawezi kununua. Mkulima akimlilia tu anampa bei. Nilikuwa nimeanza kufikiri mimi nibaki, waende watatu, na nilikuwa natafuta namna ya kulisema, ndipo Shosho akashuka kwenye matatu ya Subukia Jumamosi asubuhi na begi, blanketi na kile kipima unyevu ambacho chama cha wakulima cha kijijini kwao humkodisha. Hakuna aliyemwita. Baba Baraka alikuwa amempigia simu kuaga tu.

Alizunguka stoo, akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza, akatafuna punje, akaitema. Akauliza ufunguo uko wapi na gorogoro ya mahindi nauza pesa ngapi. Nikamwambia.

"Ni kidogo," akasema. "Nitaongeza."