Kamera ya laptopu ilikuwa ikinipiga picha nyeusi kila asubuhi

Nilitaka laptopu yangu ya Linux inipige picha moja kila siku saa 2 asubuhi (kwa cron, programu ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba, ni 8), kwa kutumia fswebcam, programu ndogo ya kupiga picha kwa kamera ya kompyuta. Picha zikaja, lakini nyeusi tititi. Nikawasha taa, nikafuta lenzi, nikapunguza ukubwa wa picha. Wapi!

Kumbe kamera ikiwashwa huhitaji muda kidogo kuuzoea mwanga, na fswebcam ilikuwa ikichukua fremu (picha moja kati ya zile zinazofuatana kutoka kwenye kamera) ya mwanzo. Nikaongeza -S 20 ili iruke fremu 20 kwanza:

0 8 * * * fswebcam -S 20 ~/picha/$(date +\%F).jpg

Hiyo \ kabla ya % usiiache, maana bila hiyo cron huikata amri papo hapo. Sasa sura inaonekana vizuri, matongotongo yakiwemo.