Kaja Berlin kupiga picha maskini wa kizungu

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja huku kwa kozi fupi akabaki kwangu siku za mwisho. Nilikuwa nimejipanga kumpeleka Lango la Brandenburg na kwenye mabaki ya Ukuta, kama ninavyofanya kwa kila mgeni. Hakutaka. "Dada, hayo yote yapo Google. Nipeleke walipo wazungu ombaomba." Ana chaneli yake mtandaoni, wafuasi bado wa kuhesabika, na anaamini kabisa kwamba video moja ya mzungu aliyelala kwenye boksi itamtoa kimaisha.

Nikampeleka stesheni ya Zoo. Kwa wasioijua Berlin, nyuma ya stesheni hiyo kuna mtaa mfupi unaitwa Jebensstraße. Upande wa stesheni kuna watu wa misheni wanaogawa mikate, chai na nguo, na foleni yake haikosi watu. Ng'ambo tu ya barabara kuna Makumbusho ya Picha, penye kazi za mpiga picha Helmut Newton, ambako watu wanalipa kiingilio waangalie picha. Sijui nani alipanga mji huu.

Mdogo wangu hakuuliza mtu. Kamwona mwanaume amejikunja kwenye mfuko wa kulalia, simu juu, anaanza: "Mambo vipi wadau, leo nawaonyesha Ulaya msiyoijua..." Hakumaliza. Bibi mmoja wa Kijerumani, na kitoroli chake cha sokoni, akatuvaa pale pale. Futa! Akasimama mpaka video ifutwe, halafu akaamuru ifutwe na kule kwenye taka ya simu. Inaelekea alishawahi kuchezewa mchezo huo.

Kisheria bibi alikuwa na haki, na hapa nawaambia mnaotaka kuja kutengeneza maudhui Ujerumani: siyo Kariakoo hapa. Tangu 1907 kuna sheria kwamba picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake, ukiacha hali chache. Juu ya hiyo kuna kifungu cha 201a cha sheria ya jinai. Kupiga tu picha inayoanika mtu akiwa hoi, hajiwezi, hata usipoirusha popote, inaweza kukupeleka jela hadi miaka miwili, au faini. Na ukiwa na kibali cha kuishi cha kuhuisha kila mara, kesi ya aina hiyo usiitafute.

Ila tulipokuwa tunaondoka mdogo wangu akaniuliza, "Mbona wao wanatupiga picha sisi?" Nikakosa la kumjibu, na hasira zangu zote zikahama kutoka kwake zikaenda kwa yule bibi.

Kwa sababu ni kweli. Desemba ikifika sanduku langu la barua linajaa vipeperushi vya michango. Mtoto mweusi, kamasi, macho makubwa, fulana imechanika begani. Mama yake aliulizwa? Alisaini wapi? Kibera watalii wanatembezwa kwa tiketi. Vijana wa kujitolea wanakuja kwetu miezi mitatu, wanarudi na picha wamebeba watoto ambao hata majina yao hawayajui, na picha hiyo wanaiweka kwenye wasifu wao wa kutafuta kazi. Nimefanya kazi ofisini na mmoja wao. Aliniuliza kama namjua yule mtoto! Hajatokea bibi wa kitoroli kumwambia futa. Kumbe heshima ya maskini wanaijua vizuri, wameiandikia na vifungu, ila mpaka wake ni uwanja wa ndege.

Basi, siku ya pili tukaenda kwa mtu ninayemjua. Ni Mpolandi anayeokota chupa karibu na kwangu. Huku chupa tupu ni pesa kama chupa za soda za kwetu zile za kuacha pesa dukani: ya bia senti 8, kopo senti 25. Watu waungwana hawaitupi kwenye pipa, wanaiacha chini pembeni ili mwokotaji asiingize mkono kwenye uchafu. Makopo arobaini ni yuro kumi. Ukizibadilisha kwa shilingi zinaonekana pesa, ukila huku hazionekani.

Mdogo wangu swali lake la kwanza lilikuwa lile la kila mtu wa kwetu: hana ndugu? Nikatafsiri. Anao. Dada yake yuko Poland na mama yupo hai. Alikuja kufanya kazi za ujenzi kwa mkono, bila mkataba, analala chumba cha bosi. Bosi akayeyuka na mshahara, chumba nacho kikaenda. Raia wa Umoja wa Ulaya ambaye hajafanya kazi rasmi hapa hapati posho ya kawaida ya serikali mpaka akae miaka mitano, na miaka hiyo inahesabiwa tangu ulipojiandikisha anwani. Yeye hakuwahi kuandikishwa popote, kwa hiyo kwenye makaratasi ni kama alifika jana. Mnaoahidiwa kazi na "chumba humo humo", someni hapo mara mbili. Mkataba wa kazi kivyake, wa nyumba kivyake, na anwani uandikishwe wiki ya kwanza.

Mama yake anajua yuko kazini. Krismasi anaazima simu anapiga, anasema mambo safi. Sasa hapo, ndugu zangu wa ughaibuni, nani wa kumcheka? Sisi tunaopiga picha tumeegemea magari ya watu?

Usiku mmoja wa Januari 2020 wajitoleaji walizunguka Berlin wakahesabu watu 1,976 waliolala nje au kwenye malazi ya dharura na sehemu kama hizo, na waliojificha vizuri hawakuonekana. Wangapi kati yao wana mama anayejua wako kazini?

Mdogo wangu akaomba wafanye mahojiano. Mpolandi akakubali, na akaongea vizuri kuliko sisi wote. Sharti moja: piga mikono, piga kitoroli changu, sura hapana.

"Dada, bila sura ya mzungu nani ataamini?"

Wakashindwana hapo. Kahawa tatu na mkate wa jibini nililipa mimi, yuro kumi na tano na kitu. Pigeni hesabu wenyewe ni kilo ngapi za mchele wa Kyela.