Nilivyojenga sehemu ya ujumbe katika programu ya wauza viazi

Programu yetu hapa Nakuru inawakutanisha wakulima wa viazi wa Molo, Elburgon na Mau Narok na wanunuzi wa mjini. Nilipopewa jukumu la kuiongezea sehemu ya ujumbe, nilijua kwamba kuchora skrini ya mazungumzo ingekuwa kazi nyepesi. Ugumu ulikuwa huko juu mashambani, ambako simu hushika mtandao ukingoni mwa shamba na kuupoteza mara tu mwenyewe anapoingia jikoni.

Kwa hiyo niliamua kwamba ujumbe uandikwe ndani ya simu kabla ya jambo lingine lolote. Mkulima anapobonyeza kitufe cha kutuma, maneno yake huhifadhiwa katika hifadhidata ndogo ya SQLite iliyomo simuni, huonekana papo hapo kwenye skrini, kisha huingia kwenye foleni. Kuyapeleka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya programu, ni kazi ya pili, ambayo programu huifanya yenyewe kila mtandao unapopatikana.

Foleni nayo ina tatizo lake. Huenda seva ikaupokea ujumbe, lakini mtandao ukakatika kabla jibu lake halijarudi, na simu, kwa kudhani kwamba ujumbe haukufika, ikautuma tena. Katika soga za kawaida marudio kama hayo ni kero tu, ila katika biashara hii maneno "nipakilie magunia ishirini" yakifika mara mbili yanaweza kuleta magunia arobaini. Ndiyo maana simu huupa kila ujumbe kitambulisho chake cha pekee, namba ndefu ya biti 128, wakati ule ule unapoandikwa. Seva ikikutana na kitambulisho ambacho tayari inacho, hujibu kwamba imepokea na haiandiki kitu kipya.

Mpangilio wa ujumbe sikuutegemeza kwenye saa za simu, kwa kuwa simu nyingi, hasa zilizowahi kuishiwa chaji kabisa, huonyesha saa isiyo sahihi. Mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport alikwisha kueleza mwaka 1978 kwamba mashine zilizo mbalimbali zinaweza kukubaliana kuhusu kilichotangulia bila kutegemea saa za ukutani. Kwangu ilitosha kwamba seva iupe kila ujumbe namba ya mfululizo ndani ya mazungumzo husika.

Kwa usafirishaji nilitumia websoketi, njia inayoacha mlango wazi kati ya simu na seva. Hata hivyo, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, Android huzilaza programu simu inapokaa bila kuguswa, na mlango huo hufungwa. Hapo arifa ya Google ndiyo huiamsha programu. Ndani ya arifa niliweka namba ya mazungumzo peke yake, na programu ikiamka hujichotea ujumbe wenyewe kutoka kwenye seva. Kwa njia hiyo bei ya mtu haisafiri ndani ya arifa wala haijianiki kwenye skrini iliyofungwa.

Walibaki wenye kabambe, yaani simu za kawaida zisizoweza kubeba programu yetu, ambao si wachache, na kwao ujumbe hugeuzwa kuwa SMS. SMS moja hubeba herufi 160, lakini ikiingia herufi moja tu iliyo nje ya orodha ya kawaida, nafasi hushuka hadi 70 na gharama hupanda. Kikatuni cha uso unaocheka nilikitarajia. Sikutarajia ritifaa: baadhi ya kibodi huandika "ng’ombe" kwa alama iliyopinda, ambayo haimo katika orodha hiyo, ilhali ile iliyonyooka imo. Sasa seva huinyoosha kabla ya kutuma, na Kiswahili chetu, kisicho na nukta wala viboko juu ya herufi, huingia bila shida.

Jambo lililozua ubishi mkubwa kuliko yote lilikuwa tiki. Wanunuzi walitaka kujua ujumbe wao umesomwa lini. Mama mmoja mkulima alinikatalia waziwazi: "Mwanangu, akijua nimesoma na sijajibu, atasema nimekubali bei yake." Niliona ana haki, kwani anayeuza mazao yanayooza hana nguvu sawa na mwenye lori. Tiki zetu zinaishia pale ujumbe unapofika simuni, na anayetaka kuonyesha kwamba amesoma huwasha mpangilio huo mwenyewe.