Nafaka tano bado ni kundi moja

Unga wa lishe husifiwa kwa wingi wa vitu: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano. Mama anahesabu vitano, anaridhika. Kwa hesabu ya lishe hicho ni kimoja, nafaka, na hata muhogo tunaoutegemea huku Tanga umo humo humo. Makundi ya vyakula yako 8, maziwa ya mama yakiwemo, na mtoto wa miezi 6 hadi 23 anatakiwa apate angalau 5 kwa siku.

Kinachoniudhi ni kwamba jikoni mwa nyumba nyingi za Pangani na Muheza hayo matano hayako mbali. Kunde zipo, dagaa wapo, kisamvu kipo, papai liko uani. Ila mtoto hupakuliwa ugali uliolowa mchuzi. Mchuzi una harufu ya samaki tu. Mnofu umeliwa na wakubwa. Mayai nayo huenda gulioni (na chumvi hainunuliwi kwa maneno, siwalaumu).

Dagaa wakavu watolewe mchanga, waoshwe kwa maji ya moto, waanikwe, wakaangwe bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, kisha watwangwe na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli la uji kinatosha. Wale wa chumvi waloweke kwanza. Kunde zilale kwenye maji usiku kucha, zichemshwe, zimenywe maganda, zipondwe. Maganda ni magumu kwa tumbo la mtoto. Kisamvu kitwangwe hasa, kichemke sana bila kufunikwa, maana majani mabichi yana sumu. Tui la nazi usilionee uchoyo: vitamini A ya majani na papai huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Cha kuachwa ni chai, inazuia madini ya chuma. Karanga zenye ukungu tupa, sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaangwa.

Uji nao uwe mzito, ukae kwenye kijiko. Ule wa kunyweka kikombeni hujaza maji tumbo dogo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mizani peke yake haiuoni udumavu. Mtoto mfupi anaweza kuwa mnene na wote wakamsifu. Kliniki omba apimwe urefu pia, akiwa amelazwa kwenye ubao kama hajatimiza miaka 2.